Uzi: Kabla mpiga dramu hajakunja stendi zake, chukua sampuli za dramu yake mwenyewe

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninarekodi muziki nyumbani, Walukuba hapa Jinja, katika chumba cha futi 12 kwa 10 chenye paa la mabati, na wateja wangu wengi ni bendi za makanisani pamoja na vijana wachache wanaopiga vyombo wenyewe badala ya kuletewa biti iliyokwisha kupikwa. Kila baada ya wiki chache mtu hunijia na swali lile lile: atumie programu gani ya kubadilishia sauti za dramu, na sampuli nzuri, yaani rekodi fupi za pigo moja moja, azipate wapi. Nimeamua kulijibu kwa kirefu, kwa sababu naona wengi wetu tunatafuta mbali kitu kilicho mbele ya macho. Sampuli inayofaa kuliko zote ni ya dramu ile ile unayoirekodi, iliyopigwa na mtu yule yule kwa fimbo zile zile siku ile ile, na kuipata hakuchukui zaidi ya robo saa.

Kwa wageni wa mambo haya, programu ya kubadilisha dramu husikiliza traki (rekodi ya chombo kimoja), tuseme ya sinea, ile ngoma ndogo yenye waya chini, na kila inapotambua pigo hucheza sampuli uliyoichagua mahali hapo hapo. Unaweza kuiacha sampuli ichukue nafasi yote, au ukaichanganya na sauti ya asili. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1980 Roger Linn alitoa mashine ya LM-1, ya kwanza kutumia sauti za dramu halisi zilizohifadhiwa kidijitali, na karibu na wakati huo fundi Roger Nichols alikuwa ameunda kompyuta aliyoiita Wendel ili icheze sauti za dramu katika kazi za Steely Dan. Leo kuna Trigger 2 ya Steven Slate, kuna Drumagog, kuna Superior Drummer 3 ya Toontrack iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na kitambuzi chake ndani, na mwenye Mac atakuta amri ya namna hiyo ndani ya Logic Pro. Zote zinafanya kazi, na sina ugomvi na hata moja.

Ugomvi wangu ni na mimi mwenyewe wa miaka michache iliyopita. Nilirekodi bendi ya vijana ambao sinea yao ilikuwa na ngozi iliyochoka, imebandikwa vipande vya gundi ya karatasi kila upande, na ikilia kama debe. Nilikuwa nimepata kifurushi cha sampuli zilizorekodiwa katika ukumbi mkubwa wa ng'ambo, nikaibadilisha sinea yote tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, nikaifuta traki ya asili. Mpiga dramu alipokuja kusikiliza alivaa hedifoni, akakaa kimya mpaka kiitikio cha pili, kisha akazivua na kuniuliza kwa upole ni nani aliyepiga. Nilidhani anatania. Akaokota penseli mbili mezani na kunionyesha juu ya goti lake: kati ya pigo kubwa la pili na la nne, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukiigusa ngozi kidogo kidogo, vipigo ambavyo ukisimama mlangoni huvisikii, lakini ndivyo vilivyokuwa vikiusukuma wimbo. Kizingiti cha programu, yaani kimo ambacho pigo lisipokifikia hulipuuza, nilikuwa nimekiweka juu, kwa hiyo vingi vilitupwa, na vichache vilivyoponea vilivikwa sauti ya pigo kubwa. Wimbo ulikuwa umekaa sawa kwenye saa, na ulikuwa umekufa. Sikuwa na cha kurudishia. Tulirekodi upya, kwa gharama yangu.

Tangu hapo nina kanuni moja ambayo sijaivunja. Bendi ikimaliza kupiga, kabla hata maji hayajanywewa, namwomba mpiga dramu abaki kwenye kiti chake. Maikrofoni hazisogezwi hata kidole. Matoazi yanashikwa au yanaondolewa kwenye stendi ili yasivume. Kisha anapiga sinea peke yake, kuanzia mguso mdogo kabisa hadi pigo la nguvu zake zote, katika ngazi sita, mara tano kila ngazi, na kila pigo analiacha lifie mbali kabla ya kupiga jingine. Hayo ni mapigo 30. Ukiyakata sekunde 3 kila moja kwa hezi 48,000 na biti 24, chaneli moja, unapata kama megabaiti 13, yaani hakuna anayeweza kusingizia nafasi ya diski (mimi nilisingizia, lakini ndiyo hivyo). Tunafanya vivyo hivyo kwa kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, na kwa kila tomu, zile ngoma za kati, na bodaboda ikipiga honi nje tunarudia pigo hilo.

Mara tano katika kila ngazi zina sababu. Mtu hawezi kupiga mapigo mawili yanayofanana kabisa, na sikio linalijua hilo hata kama mwenye sikio halijui. Programu ikirudia faili moja katika mapigo manane ya haraka, utasikia bunduki ya rashasha. Ukiipa faili tano za ngazi moja na kuiamuru izipokeze kwa zamu, rashasha inanyamaza. Wakati wa kukata, usiyapandishe mapigo yote yafikie kimo kimoja, kwa sababu tofauti ya vimo ndiyo uliyokuja kuirekodi. Mwanzo wa pigo ukate karibu lakini usiguse ncha ya fimbo, na mwisho wake uufifishe taratibu.

Sasa tuje kwenye utambuzi, ambapo wengi hukata tamaa. Maikrofoni ya sinea haisikii sinea peke yake. Inavujiwa na haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) kutoka juu na kiki kutoka chini. Mimi hutengeneza nakala ya traki kwa ajili ya kutambulia tu, ambayo hakuna atakayeisikia kamwe, na hiyo naikata bila huruma: chini ya hezi 150 natupa, juu ya hezi 5,000 natupa, kisha geti, inayofungia nje sauti ndogo. Programu inasikiliza nakala hiyo, nayo miksi inatumia traki halisi. Kuna pia muda wa kusubiri, yaani kipindi ambacho programu hufumba masikio baada ya pigo ili isilihesabu mara mbili. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, noti za moja ya kumi na sita hupishana kwa milisekunde 125, na zile za moja ya thelathini na mbili kwa milisekunde 62.5. Ukiweka muda wa kusubiri wa milisekunde 80, za kwanza zitapita salama, na zile za pili zitamezwa, pigo moja katika kila mawili. Ndiyo maana sinea inayoviringishwa mwishoni mwa ubeti hutoka imevunjika vunjika, na watu hulaumu programu.

Programu ikimaliza, mimi hukaa nikakagua pigo kwa pigo. Wimbo wa dakika nne hunichukua kama saa moja, na sijui njia ya mkato.

Jambo la mwisho, na ndilo linaloharibu kazi nyingi kimya kimya, ni fezi, yaani jinsi mawimbi mawili ya sauti yanavyopatana au kupingana. Mwili wa sinea nyingi unakaa karibu na hezi 200, na mzunguko mmoja wa hezi 200 ni milisekunde 5. Kwa hiyo sampuli ikichelewa kwa milisekunde 2.5 tu dhidi ya sauti ya asili, wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, na mawili hayo yanakulana. Unaongeza sampuli ukitarajia unene, unapata wembamba, unaipandisha zaidi, inazidi kuwa nyembamba. Ivute picha ya wimbi karibu hadi uone mstari mmoja mmoja, linganisha kilele cha kwanza cha sampuli na kilele cha kwanza cha pigo la asili, na kama kimoja kinaelekea juu na kingine chini, bonyeza kitufe cha kuligeuza wimbi. Sampuli zilizochukuliwa kwa maikrofoni ile ile isiyosogezwa hazina tabu hii kwa kiasi kikubwa, kwa sababu umbali kutoka ngozi hadi maikrofoni haukubadilika. Hiyo nayo ni sababu ya kuzipendelea.

Kuhusu kiasi: kiki naongezea bila woga, hata nusu kwa nusu, kwa sababu katika chumba changu besi haina pa kwenda. Tomu naongezea. Sinea naongezea kidogo, kiasi kwamba nikizima sampuli unahisi kitu kimepungua lakini huwezi kukitaja. Matoazi siyagusi.

Mchangiaji kutoka Mbale

Ahsante sana, ndugu mleta uzi. Nina swali la mtu mwenye mfuko mwepesi. Kadi yangu ya sauti ina matundu mawili tu, maikrofoni ninazo mbili, na programu ulizozitaja sina uwezo nazo kwa sasa, wala sitaki kushusha zile zilizovunjwa kufuli, kwa sababu kompyuta yangu iliwahi kuingiliwa na virusi kwa njia hiyo nikapoteza kazi ya miezi. Je, kwa hali yangu haya yote yanawezekana, au nisubiri?

Mleta uzi

Usisubiri, ndugu yangu. Mimi nilianza na matundu mawili hayo hayo. Ipakue Reaper kutoka kwenye tovuti ya Cockos. Inakupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, ambayo si pesa ndogo, lakini unainunua ukiwa tayari umeiona kazi yake. Ndani yake mna ReaGate, ambayo ni geti ya kawaida, ila ina kisanduku cha kuiamuru itume noti ya midi (lugha ya amri ambayo vyombo na programu za muziki hutumiana) kila inapofunguka. Chini yake kwenye traki hiyo hiyo weka ReaSamplOmatic5000, uipe faili zako, na noti ile itazicheza. Tumia noti ya 36 kwa kiki na 38 kwa sinea, kama ulivyo utaratibu wa midi wa siku zote, ili ukija kuhamia programu nyingine usianze upya. Nguvu za noti mimi huzirekebisha kwa mkono.

Kuhusu maikrofoni mbili, weka moja ndani au mbele ya kiki, na ya pili juu ya bega la kulia la mpigaji, ikiitazama sinea. Ile ya pili itashika dramu nzima. Kutambua sinea ndani yake ni kugumu lakini si muhali: chuja nakala kama nilivyoeleza, kisha futa mwenyewe noti za uongo.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya piezo. Ni kile kijisahani chembamba cha shaba kilichomo ndani ya kengele ndogo za elektroniki na vidude vinavyolia pii, na fundi wa redio atakuuzia kwa bei ya soda mbili tatu. Kiunganishe na waya wa gitaa, kibandike kwa gundi ya karatasi pembeni mwa ngozi ya sinea karibu na ukingo, na ukiingize kwenye tundu lolote lililo wazi. Sauti yake ni mbaya kabisa, hutaitumia, lakini hakisikii haihati wala kiki ila kwa mbali mno, kwa hiyo utambuzi unakuwa safi. Kama tundu hulipati, mwombe mwenye kadi nyingine mshirikiane siku hiyo moja.

Mchangiaji kutoka barabara ya Masaka

Mimi niko Mpigi, si mbali na Mpambire wanakotengeneza ngoma, na kazi ninazorekodi ni za vikundi vya ngoma za Kiganda. Je, haya uliyoyaeleza yanafaa kwa embuutu, ile ngoma kubwa, na engalabi, ile ndefu, au ni ya dramu za kizungu peke yake?

Mleta uzi

Yanafaa, lakini kwa tahadhari kubwa zaidi, nami niliungua huko pia.

Sinea ina sauti moja kuu yenye nguvu tofauti. Embuutu ina sauti kadhaa kulingana na mahali mkono unapotua: katikati inatoka besi nzito, karibu na ukingo inatoka sauti kavu ya juu, na kuna kiganja kinachobaki kwenye ngozi ili kuizima. Programu inayosikiliza nguvu peke yake haijui mkono umetua wapi, na itaweka besi mahali pa ukingo. Usemi wote wa baakisimba, ngoma ya kuchezwa ya Waganda, unapotea, kwa sababu katika ngoma hiyo kupishana kwa sauti hizo ndiyo maneno yenyewe. Kwa hiyo piga sampuli za kila namna ya pigo kivyake, kisha ziweke noti kwa mkono ukisikiliza, au tumia sampuli kunenepesha mapigo ya katikati peke yake na kuacha mengine yalivyo. Mimi nafanya hili la pili.

Engalabi inayopigwa kwa mikono karibu na kifua cha mpigaji haihitaji kuongezewa chochote, kwa maoni yangu. Sauti yake inapenya yenyewe. Namunjoloba, ile ngoma ndogo inayopigwa kwa vijiti, nayo inatambulika kirahisi, ila sijawahi kuona haja.

Tabu niliyoipata ni hii. Nilirekodi kikundi mchana wa jua kali, na kabla ya kuanza wazee walikuwa wameziegemeza ngoma ukutani juani ili ngozi zikaze. Kazi ilikwenda vizuri, kila mtu akachoka, nikasema sampuli tutachukua kesho. Usiku ikanyesha. Asubuhi embuutu ile ile, mpigaji yule yule, chumba kile kile, ilikuwa imeshuka karibu toni nzima, maana ngozi ya ng'ombe hulegea ikinyonya unyevu. Nilijaribu kuzipandisha sampuli kwa kompyuta, zikatoka na sauti ya mpira. Tuliwasha moto wa makaratasi, tukaikausha, ikapanda kupita kiasi. Mwishowe nilizitupa zote. Ngoma za ngozi zina saa yake, na sampuli lazima zichukuliwe ndani ya saa hiyo hiyo. Ikiwa kikundi kinapiga ngoma zilizotuniwa kwa kupatana, hali ni ngumu zaidi. Fikirieni entenga ya ikulu ya Kabaka, ngoma 15 zenye wapigaji 6, ambamo ngoma 12 hutuniwa zitoe wimbo. Huko kosa la robo toni linasikika kama mwimbaji aliyepotea.

Mchangiaji kutoka Arua

Nimesoma kwa utulivu hadi hapa, na kwa heshima zote napingana nanyi. Nimepiga dramu tangu ujana wangu, harusini na kanisani, na mara mbili nimesikia redioni sinea yangu ikilia katika nyimbo ambazo sikuzipiga. Niliitambua kwa mlio wa waya uliokatika chini yake. Prodyuza alinichukulia mapigo siku moja, akisema ni ya kurekebishia wimbo wetu, kisha akayageuza mali yake. Mnaita ufundi, mimi nauona ni wizi wenye kompyuta. Na hao vijana wenu wakijua kwamba kila kosa litabadilishwa, watajifunza kupiga lini?

Mleta uzi

Mzee wangu, sina jibu la kukufuta machozi katika hilo la kwanza, kwa sababu una haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inamtambua mpigaji kuwa na haki katika alichokipiga, lakini sheria iliyo kitabuni haimfuati prodyuza chumbani usiku. Ninachofanya mimi ni kuandika karatasi moja kabla ya kurekodi: sampuli hizi ni za wimbo huu, na zikitakiwa mahali pengine, mpigaji ataulizwa na atalipwa. Tunatia sahihi sote wawili. Mara mbili nimempigia mpigaji simu, mara moja akakataa, nami nikaziacha.

Na wale wanaokata sinea kutoka katika rekodi za watu maarufu, au wanaosambaza upya vifurushi walivyonunua, wanafanya lile lile ulilofanyiwa wewe. Kifurushi kinachosema hakidai mrabaha kinakuruhusu kukitumia katika nyimbo zako. Kwa kawaida hakikuruhusu kukiuza wala kukigawa kama sampuli.

Kuhusu vijana kutojifunza, hapo naomba tutofautiane kidogo. Sampuli hairekebishi muda. Kijana akikimbia, sampuli itakimbia naye, tena kwa kelele zaidi. Inachosaidia ni sauti ya chumba kibovu, maikrofoni ya bei rahisi na ngozi iliyochoka, mambo ambayo si kosa la mpigaji. Ni kweli wapo wanaoyasogeza mapigo yote yakae kwenye mstari, lakini hiyo ni kazi nyingine, na uzi wake ukifunguliwa nitakuja kukuunga mkono.

Mchangiaji kutoka Arua

Karatasi hiyo nimeielewa. Laiti ningeijua zamani. Endeleeni.

Mchangiaji kutoka Mbale

Narudi na taarifa. Piezo nimeipata kwa fundi wa redio, nikaibandika, na utambuzi ulikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Katika wimbo mzima nilifuta noti nne tu za uongo. Lakini nilipochanganya sampuli na maikrofoni ya juu, sinea ikawa nyembamba vile vile ulivyosema. Niligeuza wimbi, haikusaidia sana. Nikiichelewesha sampuli kwa milisekunde 3 inanenepa. Je, nimefanya sawa, au nimebahatisha?

Mleta uzi

Umefanya sawa. Sauti husafiri mita 1 kwa takriban milisekunde 3, na bila shaka maikrofoni yako iko kama mita hiyo juu ya sinea, ilhali piezo iko juu ya ngozi yenyewe, kwa hiyo sampuli ilikuwa inatangulia. Pima kwa futi kamba, ugawanye kwa mita 343 kwa sekunde, utaona namba inakaribiana na uliyoipata kwa sikio. Iandike kwenye daftari pamoja na kimo cha stendi, ili wiki ijayo usianze tena kutafuta.